Uchoraji wa mandhari mkoani Pwani

Uchoraji wa mandhari mkoani Pwani ni uchoraji wa sura ya nchi na bahari unaofanyika papo hapo, mchoraji akiwa mbele ya kile anachokichora, katika mkoa wa Pwani nchini Tanzania. Hufanywa na wasanii, wanafunzi wa sanaa na wa jiografia, na wasafiri wanaopiga kambi msituni au ufukweni.

Wilaya za Kibaha na Kisarawe hazipakani na bahari, ila ziko karibu nayo kiasi kwamba safari moja ya siku mbili au tatu inaweza kuanzia kwenye vilima vya misitu, kupita bonde la mto Ruvu na kuishia kwenye kambi ya ufukweni upande wa Bagamoyo. Kwa sababu hiyo mchoraji wa eneo hili hukutana na aina tatu za mandhari katika safari fupi: msitu, bonde la mto na pwani.

Mchoro wa namna hii kwa kawaida ni wa haraka, wa dakika kumi hadi saa moja. Unaweza kuwa maandalizi ya picha kubwa ya kukamilishwa nyumbani, zoezi la kujifunza kuangalia, au kumbukumbu ya mahali palivyokuwa siku fulani. Kazi hiyo ya kumbukumbu ina uzito wa pekee mkoani Pwani, ambako misitu, fukwe na mikoko vimebadilika sana katika muda wa maisha ya mtu mmoja.

## Sura ya nchi

Kibaha, makao makuu ya mkoa, iko takriban kilomita 40 magharibi mwa Dar es Salaam kwenye barabara ya Morogoro. Nchi yake ni ya miinuko ya chini yenye mikorosho, miembe, minazi na mashamba ya mihogo. Upande wa magharibi ardhi hushuka polepole kuelekea bonde la Ruvu, mto unaoanzia milima ya Uluguru na kuingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa mji wa Bagamoyo.

Kisarawe iko kusini-magharibi mwa Dar es Salaam. Mpakani mwa wilaya hiyo na jiji kuna vilima vya Pugu, ambavyo havifikii mita 400 juu ya usawa wa bahari, lakini huonekana virefu kwa kuwa nchi inayovizunguka ni tambarare. Hapo kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, mojawapo ya misitu ya mwambao wa Afrika Mashariki inayojulikana kwa mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko. Katika vilima hivyo kuna pia akiba kubwa ya kaolini, udongo mweupe ambao machimbo yake ya zamani yameacha mapango yanayokaliwa na popo.

## Historia

### Michoro ya kale ya mwambao

Sanaa ya asili ya Wazaramo, wenyeji wa sehemu kubwa ya Kibaha na Kisarawe, ilijulikana zaidi kwa uchongaji wa mbao, hasa sanamu ndogo ya *mwana hiti* iliyotumiwa katika unyago. Katika miji ya kale ya Waswahili wako watu waliochora vyombo vya baharini kwa kukwaruza lipu ya kuta. Michoro ya aina hiyo imeonekana katika magofu ya Kilwa na kwingineko mwambaoni. Huonyesha chombo, mlingoti na tanga, na mara nyingi haina ardhi wala anga nyuma yake. Kwa hiyo ni michoro ya vyombo, bado haijawa ya mandhari.

### Safari ya Speke na Grant

Michoro ya mandhari iliyofanywa papo hapo katika nchi hii inajulikana zaidi kutokana na safari za karne ya 19. Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant, maofisa wa jeshi la Uingereza, walivuka kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo, kisha wakafuata bonde la mto Ruvu, ambao wakati huo uliitwa Kingani. Katika msafara wao alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa amekwisha kusafiri na Speke katika safari ya awali. Sehemu ya kwanza ya njia yao ilipita Uzaramo, yaani nchi ambayo leo inajumuisha Kibaha na Kisarawe.

Msafara ulibeba vifaa vya kupigia picha, na Grant ndiye aliyekuwa mpigapicha. Wakati ule sahani za picha zilipaswa kuandaliwa na kusafishwa gizani, ndani ya hema dogo lililofungwa. Joto lake lilikuwa kubwa mno, na kazi hiyo ikaachwa. Grant akaendelea kwa penseli na rangi za maji. Hivyo mtu aliyekuwa na teknolojia mpya kuliko zote za siku zake alirudi kwenye karatasi, kwa kuwa ndiyo iliyovumilia hali ya nchi. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland mjini Edinburgh. Grant alichapisha kitabu chake *A Walk Across Africa* mwaka 1864.

Michoro hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mchoraji alikuwa mgeni, na alichagua kilichomshangaza yeye. Mwenyeji angeweza kuchagua kisima, njia ya shambani au mti wa mkutano.

### Karne ya 20

Huko Ulaya, uchoraji wa nje ulirahisishwa na kijaluba laini cha bati cha kuhifadhia rangi ya mafuta, kilichobuniwa na Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841. Kabla yake rangi ilibebwa katika vifuko vya kibofu cha mnyama.

Katika Afrika Mashariki elimu ya juu ya sanaa ilianzia Chuo cha Makerere, Uganda, chini ya Margaret Trowell. Mmoja wa wanafunzi wa huko alikuwa Sam Ntiro (1923-1993) kutoka Machame, Kilimanjaro, aliyekuja kuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Picha zake huonyesha watu wakifanya kazi katikati ya migomba, vilima na njia za nyumbani kwao. Katika picha hizo mandhari na maisha ya watu ni kitu kimoja.

Mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, ulifuata njia nyingine. Wachoraji wake hutumia rangi ya kung'aa ya mafuta na huchora wanyama, ndege na vijiji kutoka kichwani, bila kukaa mbele ya mandhari yenyewe.

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, ambacho baadaye kiliitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Sanaa za ufundi ni sehemu ya masomo yake, na mji wenyewe wenye magofu, vyombo na ufuko ni darasa la wazi.

## Vifaa

Vifaa vya lazima ni vichache:

* Karatasi. Daftari lenye jalada gumu hufaa kwa penseli. Kwa rangi za maji inatakiwa karatasi nzito, ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba, kwa sababu nyepesi hujikunja ikilowa.
* Penseli. HB kwa mistari ya kwanza, 2B na 4B kwa vivuli, 6B kwa sehemu nyeusi kabisa.
* Mkaa. Mkaa wa kuchorea hutengenezwa kwa vijiti vyembamba vikavu vilivyochomwa ndani ya kopo lililofunikwa, lenye tundu dogo la kutolea moshi. Kambini kopo hilo huwekwa katika moto wa kupikia na kufunguliwa likipoa. Likifunguliwa likiwa bado la moto, hewa huingia na vijiti hugeuka majivu.
* Rangi za maji. Rangi sita zinatosha. Maji ya kuchanganyia yawe baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kwa kuwa maji ya bahari huacha chembe za chumvi juu ya karatasi.
* Ubao na vibanio. Ubao mwepesi wenye vibanio viwili huzuia upepo usipeperushe karatasi.
* Kidirisha. Ni kipande cha boksi kilichokatwa tundu la mstatili, kwa mfano sentimita 6 kwa 9. Mchoraji huchungulia kupitia tundu hilo na kuchagua sehemu ya kuchora.

Pwani ina maadui watatu wa karatasi: unyevu, mchanga na jasho la mkono. Daftari huwekwa ndani ya mfuko wa plastiki usiku, na karatasi nyingine safi huwekwa chini ya kiganja wakati wa kuchora.

## Mwanga, upepo na maji

Mchoraji wa studio hupanga taa yake mwenyewe. Anayechora ufukweni hana budi kufuata jua, pepo na bahari.

### Jua

Ufuko wa Tanzania Bara unatazama mashariki. Asubuhi jua hutoka upande wa bahari, hivyo ngalawa na mikoko huonekana kama vivuli vyeusi mbele ya maji yanayong'aa. Alasiri jua huwa nyuma ya mchoraji anayetazama bahari. Hapo rangi za maji, matanga na mchanga hujitokeza wazi. Mandhari moja inaweza kutoa picha mbili tofauti kabisa kwa siku.

Mchana ni wakati mgumu. Katika latitudo ya digrii 6 hadi 7 kusini ya ikweta, jua hupita karibu utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Vivuli huwa vifupi, na vitu huonekana bapa. Wachoraji wengi hutumia saa hizo kupumzika au kuchora vitu vya karibu kivulini.

Jua husogea digrii 15 kwa saa. Ngumi iliyokunjwa, mkono ukinyooshwa, hufunika takriban digrii 10. Kwa hiyo mchoraji anaweza kujua jua litakuwa wapi baada ya saa moja kwa kupima ngumi moja na nusu. Jioni, kila kidole kimoja kati ya jua na upeo wa macho ni kama dakika 15 za mwanga zilizobaki. Giza huingia upesi baada ya hapo.

### Pepo

Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki kuanzia kama Novemba hadi Machi. Mvua za masika huwa kati ya Machi na Mei. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu na yenye joto la wastani, hivyo hufaa kwa kambi, ingawa kusi inaweza kurusha mchanga juu ya rangi mbichi.

### Maji kujaa na kupwa

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, siku chache za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, tofauti ya kimo kati ya maji makavu na maji makuu katika eneo hili hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa takriban saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na hujaa alfajiri na tena jioni. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu moja tu kati ya kumi na mbili za kimo chote, katika saa ya pili sehemu mbili, kisha sehemu tatu katika saa ya tatu na tatu katika saa ya nne. Maana yake nusu ya maji yote huja katika saa hizo mbili za katikati. Mchoraji aliyekaa kwenye fungu la mchanga na kuona bahari imetulia kwa saa moja anaweza kudhani ana muda, kumbe maji yanaanza kuongeza kasi na kumzunguka kupitia mkondo ulio nyuma yake.

## Hatua za kuchora

1. Kuangalia. Dakika tano za kwanza hutumika bila kuchora. Mchoraji huamua kitu kimoja kinachomvuta, mfano ngalawa iliyopwelewa, na kuacha vingine.
2. Mstari wa upeo. Upeo wa macho daima uko sawa na kimo cha macho ya mchoraji. Akisimama, upeo hupanda na ngalawa huonekana chini yake. Akiketi mchangani, upeo hushuka na ngalawa hukatwa nao. Mtu aliyesimama ufukweni, macho yakiwa mita 1.6 juu ya maji, huona upeo ulio kama kilomita 4.5 mbali.
3. Sehemu tatu. Picha hugawanywa katika sehemu ya mbele, ya katikati na ya nyuma, kama wanafunzi wa sekondari wanavyofundishwa katika usomaji wa picha za jiografia.
4. Vipimo. Penseli hushikwa kwa mkono ulionyooshwa, jicho moja likifumbwa, na urefu wa vitu hulinganishwa. Mlingoti unaweza kuwa mara mbili ya urefu wa mashua; minazi ya mbali inaweza kuwa nusu ya mlingoti.
5. Uzito wa kivuli. Vitu vya mbali huchorwa hafifu, vya karibu kwa weusi zaidi. Unyevu wa hewa ya pwani hufifisha vitu vya mbali, kwa hiyo tofauti hii huonekana wazi.
6. Maelezo. Pembeni huandikwa mahali, tarehe, saa, upande unaotazamwa, hali ya maji na majina ya vitu.

Kujua majina husaidia mkono kuchora sawasawa. Anayejua kwamba mche wa juu unaoshika tanga la mashua huitwa foromali atatazama jinsi ulivyofungwa kwenye mlingoti. Kadhalika mikoko si mti mmoja. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, ilhali mchu hutoa mizizi myembamba inayochomoza matopeni kama penseli zilizosimamishwa.

Simu hupiga picha kwa upesi zaidi, lakini lenzi yake pana huvifanya vilima vya mbali vionekane vidogo kuliko jicho linavyoviona. Vilima vya Pugu ni mfano mzuri: kwenye simu hubaki mstari mwembamba, kwenye mchoro hurudishiwa uzito wake.

## Maeneo

Pugu na Kazimzumbwi (Kisarawe). Msitu unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na wageni hulipa kiingilio. Kuna bwawa, mapango na sehemu za juu ambazo hewa ikiwa safi majengo marefu ya Dar es Salaam huonekana upande wa mashariki. Ndani ya msitu hakuna upeo wa macho, hivyo mchoraji hutegemea tofauti za mwanga kati ya mashina.

Bonde la Ruvu (Kibaha). Karibu na Mlandizi na Ruvu mandhari ni ya mistari mirefu ya mlalo: maji, matete, mashamba na anga. Ugumu wake ni kuepuka picha tupu. Mti mmoja au mtu mmoja hutosha kuonyesha ukubwa wa nchi.

Bagamoyo. Wakati wa maji kupwa mashua hulala mchangani mbele ya mji wa kale, na mchoraji anaweza kuzizunguka kwa miguu. Kusini mwa mji kuna magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo.

Saadani. Ni hifadhi ya taifa kaskazini mwa Bagamoyo, ambako wanyamapori hufika hadi ufukweni. Kambi zake ziko chini ya TANAPA.

## Taratibu za kambi

Kambi ya msituni huombewa ruhusa TFS, na ya hifadhini TANAPA. Katika fukwe za vijiji ruhusa hutolewa na serikali ya kijiji, na ni adabu kuwasalimu kwanza wavuvi na viongozi wa kikundi chao cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU). Watu hawachorwi kwa karibu bila kuombwa. Kambi za jeshi na maeneo mengine yanayolindwa hayachorwi kabisa bila idhini.

Hema husimamishwa juu ya mstari wa mwani na takataka ulioachwa na bamvua ya mwisho, mbali na minazi inayoweza kuangusha nazi. Mikoko haikatwi kwa kuni. Ni misitu ya hifadhi kisheria. Katika fukwe ambazo kasa hutaga, kama Madete huko Saadani, mioto na taa kali za usiku huepukwa, kwa kuwa vifaranga vya kasa hufuata mwanga wakidhani ni bahari.

## Mchoro kama kumbukumbu

Mandhari za mkoa huu hazitulii. Kaole ilikuwa bandari; leo mikoko imejaa mbele yake na magofu yako mbali na maji. Kinyume chake, huko Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, bahari imekula ufuko na kuharibu majengo. Kisiwa cha Maziwe karibu na Pangani kilikuwa na mivinje. Sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi umepungua kwa sababu ya ukataji wa miti ya mkaa unaouzwa jijini.

Mabadiliko ya aina hii huwa ya polepole, na anayeishi nayo huyazoea. Mchoro wa mahali pamoja unaorudiwa kila mwaka, kutoka sehemu ileile na katika hali ileile ya maji, huonyesha umbali kati ya mnazi na mstari wa maji ulivyopungua, au kilima kilivyobaki na miti mingapi. Shule iliyo karibu na msitu au ufuko inaweza kukusanya michoro ya wanafunzi wake kwa miaka mingi bila gharama zaidi ya karatasi na penseli. Sharti lake ni maelezo ya pembeni: mchoro mzuri usio na tarehe wala mahali hubaki pambo, na mchoro wa kawaida wenye maelezo kamili unaweza kutumiwa na mtu mwingine baada ya miaka hamsini.

## Tazama pia

* Mkoa wa Pwani
* Mto Ruvu
* Bagamoyo
* Sam Ntiro
* Tingatinga
* Mikoko